Aliyekuja na Swali Lake

Mtoto wa Garissa huanza kuhifadhi Kurani kutoka nyuma. Alfajiri, kabla jua halijaanza kuuma, utawasikia watoto katika duksi, yaani vyuo vya Kurani, za Bulla Iftin na Bulla Punda wakipaza sauti juu ya loho zao, kila mmoja na sura yake, na maalim katikati akizitambua sauti hizo moja moja kama mchunga anavyomtambua ngamia wake kwa mlio wa kengele. Wanaanza na An-Nas, ile sura fupi ya mwisho, kisha wanapanda kurudi juu. Mtoto akifika Abasa, sura ya 80, amekwisha kuzipita sura 34, na zimebaki mbili tu baada yake juzuu ya Amma iishe. Huenda ana miaka minane au tisa. Huenda hajashika kitabu cha hadithi hata kimoja maishani mwake. Lakini kifuani tayari amebeba kisa cha mtu asiyeona.

Kisa chenyewe, kama wafasiri wanavyokieleza, ni kifupi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitumai kwamba wataukubali Uislamu. Akatokea Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, akayaingilia mazungumzo: anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akageukia upande wa pili. Ndipo sura ikashuka, ikimlaumu kwa kumpa kisogo yule aliyekuja na hamu ya kujua na kuwashughulikia wale waliojiona hawana haja.

Nimekisikia kisa hiki kikitolewa mara nyingi kama funzo la kuwahurumia vipofu. Mimi sikioni huruma ndani yake. Ibn Umm Maktum hakuja kuomba sadaka, wala hakuja aombewe macho. Alikuja na swali, akalileta wakati usiofaa, kama watu wenye maswali wanavyofanya. Aibu ya kisa haikumwangukia yeye. Na kisa kinapoisha, bado haoni. Hakuna muujiza, hakuna dawa. Baadaye, Madina, akawa mmoja wa waadhini wawili: Bilal aliadhini usiku ukiwa bado upo, na Ibn Umm Maktum aliadhini alfajiri ilipoingia, kwa hiyo waliokuwa wakifunga walikula daku mpaka waisikie sauti yake. Kipofu ndiye aliyewatangazia wenye macho kwamba kumepambazuka. Alijuaje? Wenzake walimwambia: kumekucha, kumekucha. Wao wakatoa macho, yeye akatoa sauti, na mji mzima ukajua saa. Mtume aliposafiri alimwacha, zaidi ya mara moja, awe msimamizi wa Madina.

Basi tangu nianze kujishughulisha na vitabu vya watoto, kila kilichonifikia chenye mtoto mwenye ulemavu nimekipima kwa kisa hiki cha juzuu ya Amma. Vingi havifiki hata nusu ya njia.

Ninavijua vyema. Kuna mtoto ameketi chini ya mti akiwatazama wenzake wakicheza. Wanamcheka. Siku moja moto unawaka, au mtoto mdogo anatumbukia mtoni, au kuna mashindano, na yule aliyechekwa anaokoa kijiji au anashinda mbio. Kijiji kinamkumbatia. Mwandishi wa kitabu cha namna hii ana nia njema, sina shaka, ila amemfundisha msomaji jambo la kutisha: kwamba mtoto mwenye ulemavu hupendwa akishalipa. Ndugu zake wazima walipendwa bila kuokoa mtu. Au kuna ile aina ya pili, ambapo mgonjwa anapelekwa hospitali ya mbali na ukurasa wa mwisho anatembea. Msomaji ambaye hatatembea anafunga kitabu na kubaki na nini? Na mara nyingi katika aina zote mbili mtoto yule hana swali lake mwenyewe. Hataki chochote isipokuwa kukubaliwa. Mtoto gani wa kweli yuko hivyo? Watoto wanataka vitu vingi kabla ya kukubaliwa: wanataka kujua kwa nini mbalamwezi inawafuata, wanataka zamu yao, wanataka kipande kikubwa cha nyama.

Wala nisiwalaumu waandishi wa leo peke yao. Hadithi ya kutisha inayojulikana kuliko zote miongoni mwa Wasomali, iwe Garissa, Wajir au Mandera, ni ya Dhegdheer, yule mwanamke mla watu ambaye jina lake lina maana ya sikio refu. Kwa sikio hilo huwasikia wasafiri kutoka mbali sana, akawakimbilia na kuwala, na nchi aliyoishi haikupata mvua mpaka alipokufa. Nimeisikia gizani, nikiwa nimejifunika shuka hadi puani, na sitaki mtoto yeyote aikose. Mwaka 2007 ilichapwa Minnesota, Marekani, kwa Kisomali na Kiingereza, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walikimbia vita na kuibeba hadithi hiyo vichwani. Hata hivyo lazima tuliseme lililo wazi: Dhegdheer anajulikana kuwa mwovu kwa sababu mwili wake si kama miili yetu. Mazimwi ya pwani nayo ni vivyo hivyo. Hadithi zetu za kale zimetumia kiungo kilichopungua au kilichozidi kama kengele ya hatari, na mtoto aliyelelewa nazo akikutana sokoni na mtu mwenye uso uliopinda, mwili wake unarudi nyuma hatua moja kabla akili haijafikiri.

Lakini watu haohao wana desturi nyingine inayokwenda kinyume, nayo ni naanays, jina la utani litokanalo na mwili au tabia, ambalo mtu huishi nalo mpaka kaburini. Asiyeona ni Indhoole. Asiyesikia ni Dhegoole. Imamu Ahmad bin Ibrahim, aliyeitikisa Uhabeshi katika karne ya 16, Wasomali wanamjua kama Ahmed Gurey, Ahmed wa shoto, na hakuna anayedhani kwamba mkono wa kushoto ulimpunguzia chochote. Siad Barre alitawala Somalia miaka 21 huku watu wakimwita Afweyne, mdomo mkubwa. Mgeni akizisikia naanays husikia ukatili. Aliyekulia humo husikia pia jambo lingine: kwamba mwili wako haufichwi, unasemwa mchana kweupe, na bado unaitwa uje kunywa chai.

Ninasema “pia” kwa sababu upande wa pili nao nimeuona. Dhegoole akiitwa hivyo kila siku, jina alilochaguliwa na mamake linafifia, hadi siku ya kumwandikisha shule watu wazima wanatazamana. Na kuna nyumba ambamo hata naanays haipo, kwa kuwa mtoto mwenyewe haonyeshwi wageni. Huyo hana jina la utani kwa sababu hana wa kumtania.

Kiswahili kina shida yake inayofanana na hii. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno yote yamepewa kiambishi kilekile cha kiti na kisu. Wapo walimu wanaoyaogopa, wakasema “asiyeona” na “mwenye ulemavu wa kusikia”, na nia yao ni ya heshima. Lakini viziwi wa Tanzania walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, bila kupepesa. Mwenye jina ndiye aulizwe. Wahenga wa pwani walisema ukipenda, chongo huita kengeza, na methali hiyo hutajwa kama sifa ya mapenzi. Nadhani mtoto mwenye chongo angefurahia zaidi pendo linaloweza kutamka chongo.

Haya yote yalinijia kwa sababu ya ngamia. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha Garissa maktaba inayotembea kwa ngamia, ikianza na ngamia watatu, ili vitabu viwafikie wafugaji wanaohama na watoto wa shule zilizo mbali na barabara. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka. Mikeka inatandikwa chini ya mti, vitabu vinapangwa, watoto wanakuja. Dunia imelipenda jambo hili, na ni haki yake kulipenda. Mwaka 2005 mwandishi wa Kanada, Margriet Ruurs, alitoa kitabu cha watoto kuhusu maktaba za namna hii katika nchi mbalimbali, na ngamia akapewa nafasi kwenye jina la kitabu. Ngamia wetu yumo vitabuni. Mtoto wa hapa ambaye hawezi kumkimbilia ngamia huyo anapotokea kwa mbali, miguu yake ikiwa imepooza, hayumo.

Akiwemo, amechorwa mahali pengine. Nimefungua kitabu chenye mtoto juu ya kiti cha magurudumu, picha safi, sakafu inang'aa, mlango mpana, njia ya mteremko imejengwa kwa saruji. Jaribu kiti hicho Garissa. Magurudumu membamba yanazama mchangani mpaka nusu, na ukifanikiwa kusogea, miiba ya mathenge inayatoboa kabla ya adhuhuri. Mtoto wa hapa huvutwa juu ya mkokoteni wa punda pamoja na madumu ya maji, au hubebwa mgongoni na dadake, au hutambaa na kandambili viganjani, na dada huyo na punda huyo na kandambili hizo ndizo hadithi yenyewe. Mwaka 2013 polio ilirudi Dadaab, katika kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambamo watu wamezaa na kuzika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watoto waliopooza mwaka huo sasa wamekuwa vijana. Ningependa mmoja wao aandike jinsi anavyouvuka mchanga. Angejua lipi la kuchora kwanza.

Kuna mvulana niliyesoma naye duksi. Sikio lake lilikuwa ajabu. Maalim akisoma sura mara mbili, yeye ya tatu alikuwa akiirudisha bila kukosea hata irabu, na sisi tuliomzidi umri tulimwendea atusahihishe. Shuleni, ambako herufi zilikuwa ubaoni na sauti ilikuwa kelele, mambo yaligeuka. Herufi b na d zilimcheza. Mistari ilimruka. Akaitwa mzembe, kisha akaitwa mjinga, akapigwa kwa yote mawili, na alipofika darasa la nne akaacha. Leo ni dalali katika soko la mifugo, na madeni ya watu wote anayaweka kichwani.

Sasa ninajua kwamba ugumu ule una jina, disleksia, ingawa ni neno ambalo bado halijakaa vizuri katika vinywa vyetu. Usonji angalau umepata neno la Kiswahili linalosikika redioni. Jina ni kitu. Mjini Minneapolis, wanakoishi Wasomali wengi waliopitia Dadaab, utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2013 ulikuta kwamba takriban mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali, wa umri wa miaka 7 hadi 9, alikuwa na usonji, na wazazi wengi walikuwa wakikutana na hali ambayo lugha yao haikuwa imeipa neno. Hata hivyo ninapomfikiria yule mvulana, jina halinitoshi. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo mashairi marefu yalivuka majangwa na vizazi yakiwa vifuani mwa watu wenye masikio kama lake. Katika Garissa ya babu yake, mvulana huyu angekuwa mhifadhi wa mashairi ya ukoo. Ulemavu wake ulifika pamoja na kitabu.

Kwa mtu anayevipenda vitabu kama mimi, hilo ni zito kulisema. Sitaki kitabu kirudi kilikotoka. Ninataka kije kikijua kimefika kwa nani. Kitabu cha watoto wa huku hakina budi kuandikwa kwa ajili ya sikio kwanza, sentensi zake ziwe na mwendo unaoweza kushikwa kwa kusikia mara mbili, ili mvulana kama yule aweze kuwa mbele ya darasa walau saa ya hadithi. Na kwa asiyeona kiwe cha nukta nundu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki, mwaka 2017. Mlango wa sheria uko wazi. Kinachobaki ni watu na mashine na karatasi nene, na ngamia mwenye nguvu, maana kitabu chembamba kikigeuzwa nukta huvimba kikawa mzigo.

Na asiyesikia? Hapa ndipo kaskazini mashariki pana jambo la kujivunia, na wachache wanalijua. Katika miaka ya 1970 alikuja Wajir mwanamke wa Kiitaliano, Annalena Tonelli, akawatibu wafugaji kifua kikuu na kuwakusanya karibu naye watoto ambao miili yao ilikuwa imewatenga: waliopooza, wasioona, viziwi. Wajir ikapata shule ya viziwi. Watoto waliofika pale kutoka maboma mbalimbali, kila mmoja na ishara chache za nyumbani kwake za maji, maziwa, mama na fisi, walikutana na Lugha ya Ishara ya Kenya, wakaizungumza kwa namna yao. Mwaka 1997 shule ya viziwi ilifunguliwa Borama, Somaliland, na aliyefunzwa Wajir akawa mwalimu wake. Ishara zikavuka mipaka pamoja naye. Lugha ya Ishara ya Kisomali, inayotumiwa leo mbali na Wajir, chimbuko lake ni huku. Tonelli, ambaye aliondolewa Kenya katikati ya miaka ya 1980 na mwishowe akahamia Borama, aliuawa huko kwa risasi Oktoba 2003, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nansen.

Fikiria basi: watoto ambao hapakuwa na hata kitabu kimoja kilichowahusu walisaidia kuzaa lugha. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali kuikuza Lugha ya Ishara na nukta nundu, na imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge. Mbunge wa Wajir anaweza kuhutubiwa kwa mikono. Mtoto kiziwi wa Wajir asomewe hadithi ya sungura kwa mikono na nani? Kampuni ya eKitabu, Nairobi, imekuwa ikitengeneza hadithi za watoto katika video, msimulizi akisimulia kwa ishara na picha zikiwa kando yake. Nilipotazama moja mara ya kwanza nilitambua kilichonivutia: hadithi haikuhusu uziwi hata kidogo. Kulikuwa na wanyama na ujanja wao, basi. Mtoto kiziwi alikuwa amepewa kile ambacho kila mtoto hupewa.

Ninayasema haya kwa ujasiri, na kuna siku inayoniuma kila ninapoyasema.

Nilikuwa nikiwasomea watoto chini ya mwarobaini, pembezoni mwa mji, hadithi ya fisi na bibi kizee. Walikuwa kama arobaini, wamebanana mkekani, wadogo mbele. Kulikuwa na msichana wa miaka sita au saba ambaye nilikuwa nimeambiwa hasikii. Tulipofika mahali ambapo fisi anakaribia boma, akasimama, akapita juu ya miguu ya wenzake, akaja mpaka kwangu na kuweka kiganja chake juu ya ukurasa. Akamgusa bibi kizee kwa kidole. Kisha akagusa mdomo wake mwenyewe. Kisha akanitazama.

Nyuma yake watoto walianza kulalamika kwamba amewaziba. Fisi alikuwa anasubiri. Nilikunja uso, nikamshika bega, nikamsogeza pembeni, nikaendelea kusoma. Wafasiri wamesema tangu zamani kwamba Ibn Umm Maktum hakuuona uso uliokunjwa, kwa kuwa alikuwa haoni. Huyu alikuwa akinitazama machoni. Alirudi akaketi mwisho wa mkeka, na hadithi ilipoisha alikuwa ameondoka.

Kitabu kile bado ninacho. Nimeurudia ukurasa ule mara nyingi, neno kwa neno. Fisi yuko kwenye kichaka, jua linazama, mbuzi wamo zizini. Bibi kizee amesimama mlangoni pa boma lake, mkono mmoja juu, mdomo wazi kabisa, amechorwa akipiga kelele. Maneno yanayomtoka mdomoni hayakuandikwa popote.